Bukavu: Naftalini katika nguo za mtoto mchanga, harufu inayoficha hatari

Mvua ya Bukavu haihurumii sanduku la nguo. Toka Septemba hadi Mei unyevu unaingia kila mahali, na mama mjamzito aliyekwisha kukusanya vitenge na nguo ndogo za mtoto anatafuta namna ya kuvikinga na wadudu. Sokoni Kadutu ao Nyawera anauziwa vidonge vyeupe vya harufu kali: naftalini. Anavitia sandukuni, anafunga, anangoja siku ya kuzaa.

Shida inaanzia hapo. Kidonge hicho kinageuka polepole kuwa hewa bila kupitia maji, na hewa hiyo inashika kwenye nguo. Mtoto anaipumua. Inapita hata kwenye ngozi yake, zaidi sana akiwa amepakwa mafuta, kwani naftalini huyeyuka ndani ya mafuta. Kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, inavunja chembe nyekundu za damu. Upungufu huo ni wa kurithi, unapata wavulana zaidi, na ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu. Wengi wanao bila kujua. Wauguzi wanaufahamu kwa sababu ya primakini, dawa ya malaria inayoweza kuwaletea watu hao madhara yale yale.

Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama Coca, mtoto analegea na kukataa ziwa. Manjano yakizidi yanaharibu ubongo. Anayepona anaweza kubaki kiziwi ao kilema. Kumuota jua asubuhi hakutoshi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nchini Nigeria, madaktari wameandika visa vya namna hii kwa miaka mingi.

Tena, si kila kidonge cheupe ni naftalini. Kingine ni paradiklorobenzini, chenye klorini ndani yake, ambacho hutiwa pia vyooni kuondoa harufu. Hicho kinaumiza zaidi ini. Vikiuzwa kimoja kimoja bila karatasi, mnunuzi atavitofautisha namna gani? Chukua kopo la kutupa, tia maji na chumvi nyingi mpaka ikatae kuyeyuka. Naftalini itaelea, kile cha klorini kitazama. Lakini jibu lolote lile halikipi ruhusa ya kukaa na nguo za mtoto. Shirika la utafiti wa saratani la OMS limeviweka vyote viwili kati ya vitu vinavyoweza kuleta saratani, na Umoja wa Ulaya uliondoa naftalini katika vidonge vya nguo mwaka 2008.

Nguo zilizokwisha kulala na vidonge zifuliwe kwa sabuni, zianikwe nje mpaka harufu iishe, ndipo avalishwe mtoto. Vidonge vyenyewe viwekwe mbali na wadogo, wanaovidhania bonbon. Na mtoto akigeuka manjano, mwambie muuguzi kwamba sandukuni kulikuwa naftalini, maana yeye huenda asikuulize.