Programu huria ndani ya simu za Android: kazi inayofanyika mbali na simu yenyewe

Mnamo tarehe 30 Oktoba 2023, kiwanda cha kuunganisha simu cha East Africa Device Assembly Kenya kilizinduliwa rasmi katika eneo la Athi River, kaunti ya Machakos, nchini Kenya. Mojawapo ya simu zake za kwanza, Neon Smarta, iliuzwa kwa shilingi 7,499 za Kenya. Miaka minne kabla ya hapo, Oktoba 2019, kiwanda cha Mara Phones kilikuwa kimefunguliwa mjini Kigali, nchini Rwanda. Simu za viwanda vyote viwili zinafanana katika jambo moja na simu nyingine nyingi zinazouzwa katika ukanda huu: zinatumia mfumo endeshi wa Android, na ndani yake mna kichakataji cha aina ya ARM.

Kwa maana hiyo, kila moja ya simu hizo ni kompyuta kamili. Ina kichakataji, ina kumbukumbu, na chini ya picha na vitufe vyake kuna kiini cha Linux, kilekile kinachoendesha seva nyingi za intaneti duniani. Kwa wanafunzi wengi, hiyo ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Hata hivyo, mwanafunzi anayetaka kujifunza kuandika programu kwa simu hiyo hukuta vifaa vya kazi havimo. Hakuna kompaila, hakuna Git, hakuna Python, wala hakuna mahali pa kuandikia amri. Simu inapotoka kiwandani imeandaliwa kwa ajili ya kutumia kilichotengenezwa na wengine.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na Termux, programu huria iliyoanzishwa na Fredrik Fornwall mwaka 2015. Mwenye simu akiisakinisha hupata dirisha jeusi la kuandikia amri, na nyuma ya dirisha hilo hazina ya vifurushi vya programu huria anavyoweza kuvipakua bila malipo: Bash, Git, Python, Vim, FFmpeg, hata kompaila yenyewe. Kinachoonekana kwa mtumiaji ni amri moja fupi na kusubiri kidogo. Kisichoonekana ni safari ambayo kila kifurushi kimepitia kabla ya kufika kwenye simu yake.

Programu huria hutolewa na waandishi wake kama msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kompaila huyageuza maandishi hayo kuwa maagizo ya namba yanayoeleweka na kichakataji cha aina fulani tu. Maagizo yaliyoandaliwa kwa kichakataji cha Intel hayana maana kwa kichakataji cha ARM. Njia ya kawaida ni kukompaili programu kwenye mashine ileile itakayoitumia. Kwa simu, njia hiyo hukutana na fumbo la kuku na yai, kwa kuwa ili kukompaili ndani ya simu sharti kuwe na kompaila ndani ya simu, na kompaila nayo ni programu inayohitaji kukompailiwa.

Ndiyo maana kazi hufanyika mbali na simu. Kompaila huendeshwa kwenye kompyuta kubwa yenye kichakataji cha Intel au AMD, huku ikitoa maagizo ya ARM ambayo kompyuta hiyo yenyewe haiwezi kuyatekeleza. Google hutoa seti ya zana za kazi hiyo, ijulikanayo kama NDK, tangu mwaka 2009. Wajenzi wa Termux huitumia ndani ya mazingira ya Ubuntu yaliyofungiwa, ili kila anayejenga, awe Ulaya au Asia, apate matokeo yaleyale.

Hali hiyo inafanana na fundi cherehani anayemshonea mteja aliye mji mwingine kwa vipimo alivyotumiwa. Anaweza kushona vizuri, lakini hana namna ya kumvisha mteja na kuona kama bega limekaa. Na matatizo mengi ya kazi hii huanzia hapo hasa.

Programu nyingi za mstari wa amri, hasa zile za zamani, huja na hati iitwayo configure, ambayo huichunguza mashine kabla ya ujenzi. Hati hiyo huandika programu ndogo ya majaribio, huikompaili, kisha huiendesha ili kujua mashine ina uwezo gani. Katika ujenzi wa mbali, programu hiyo ndogo ni ya ARM ilhali kompyuta ni ya Intel, kwa hiyo haiendeshiki. Hati hulazimika kukisia, na mara nyingi hukisia kwamba kitu hakipo hata kama kwenye simu kipo. Baadhi ya hati hufanya kosa baya zaidi: huichunguza kompyuta ya ujenzi na kuandika sifa zake kana kwamba ni za simu. Kifurushi hujengwa bila kulalamika, kikafika kwa mtumiaji, na hapo ndipo kinapoanguka.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Mjenzi huipa hati majibu aliyoyathibitisha mwenyewe, swali kwa swali. Kwa Python, sharti kwanza ajenge Python nyingine ya toleo hilohilo kwa ajili ya kompyuta ya ujenzi, ndipo hiyo ya kwanza isaidie kuijenga ya pili. Perl ilikuwa sugu zaidi, kwa sababu mfumo wake wa ujenzi umezoea kuiuliza mashine kila jambo. Termux huijenga kwa msaada wa mradi mwingine wa kujitolea, perl-cross, uliobuniwa kwa ajili ya tatizo hilo peke yake.

Kisha kuna suala la maktaba ya msingi ya lugha ya C, ambayo karibu kila programu huitegemea. Mifumo mingi ya Linux hutumia glibc. Android hutumia Bionic, maktaba nyepesi iliyoandikwa kwa ajili yake, ambayo haina yote yaliyomo kwenye glibc. Kwa mfano, kazi iitwayo glob, inayotafuta majina ya mafaili yanayofanana na mchoro fulani, iliingizwa katika Bionic kwenye Android 9, ilhali vifurushi vya Termux vinakusudiwa kufanya kazi hata kwenye Android 7. Wajenzi wakaandika maktaba ndogo ya kuziba pengo hilo. Waliandika nyingine kwa ajili ya kumbukumbu ya pamoja ya mtindo wa zamani wa Unix, ambayo Android haiiruhusu kabisa.

Pale maktaba ndogo isipotosha, huwekwa viraka. Kiraka ni faili fupi linaloonyesha mistari ya kuondoa na ya kuongeza katika msimbo wa mwandishi wa asili. Waandishi wa programu wakitoa toleo jipya, mistari huhama, na kiraka kilichokaa vizuri jana leo hakishiki. Kazi ya kuvishona upya haina mwisho na haionekani. Wanaoifanya wengi wao ni watu wa kujitolea.

Kiraka kinachohitajika mara nyingi zaidi kinahusu anwani za mafaili. Kwenye Linux ya kawaida, programu hutarajia kukuta vitu vyake chini ya /usr na /etc. Android hairuhusu programu kuandika nje ya folda yake yenyewe, na folda ya Termux ni /data/data/com.termux/files. Kwa hiyo kila anwani ndani ya kila programu hubadilishwa wakati wa ujenzi, ikaandikwa humo kama muhuri. Anayetaka kutengeneza toleo lake la Termux kwa jina jingine hawezi kuchukua vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Lazima ajenge vyote upya, kwa kuwa jina likibadilika na njia imebadilika.

Baada ya ujenzi huja ufungashaji. Kila programu ina hati fupi inayotaja toleo lake, leseni yake, mahali msimbo ulipochukuliwa, na vifurushi vingine inavyovihitaji. Imo pia alama ya SHA-256, mfululizo wa herufi na tarakimu unaobadilika endapo hata herufi moja ya msimbo itaguswa, ili mjenzi ajue amepokea kilekile kilichokusudiwa. Matokeo hufungwa kwa muundo wa deb uliobuniwa na mradi wa Debian, na kwenye simu hupokelewa na zana ileile ya Debian, apt.

Kwa kawaida kila hati hujengwa mara nne: kwa ARM ya biti 64, ARM ya biti 32, na aina mbili za vichakataji vya Intel. ARM ya biti 32 inastahili kutajwa kipekee. Waandishi wengi wa programu wanaipa kisogo kama jambo lililopitwa na wakati, lakini Android ya biti 32 ingali imo katika simu nyingi za bei ya chini na zile za mkono wa pili. Kila mjenzi anapotumia muda kuinusuru, anamnusuru mwenye simu asiye na uwezo wa kununua nyingine.

Ugumu huo wote ni wa kiufundi, na hutatuliwa kwa subira. Ugumu wa aina nyingine ulikuja na Android 10, mwaka 2019. Google iliamua kwamba programu yoyote inayojitambulisha kuwa imelenga toleo hilo au la baadaye haitaruhusiwa kuendesha faili lililo katika folda yake ya kuandikia. Sababu ni ya haki: programu ya hila inaweza kukaguliwa dukani ikiwa safi, kisha ikapakua msimbo mwingine ikishaingia kwenye simu. Lakini kupakua programu na kuziendesha ndiyo kazi yenyewe ya Termux. Wajenzi wake walibaki wamelenga Android 9, na tangu Novemba 2020 duka la Google Play likaacha kupokea masasisho ya programu za namna hiyo.

Termux ikategemea zaidi F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010. Waliobaki na toleo la zamani la Google Play walipata pigo jingine Mei 2021, pale huduma ya Bintray iliyokuwa ikihifadhi vifurushi ilipofungwa. Amri zao zilianza kurudisha makosa, na wengi hawakujua kwa nini. Android 12 nayo, iliyotoka mwaka 2021, iliweka kikomo cha michakato 32 inayoanzishwa na programu nyuma ya pazia, kwa simu nzima. Ikizidi, mfumo huikata bila onyo, na mwanafunzi huona tu maneno mafupi yanayotaja ishara namba 9.

Suala lililo zito zaidi kwa sasa lilitangazwa na Google Agosti 2025. Kwa mujibu wa tangazo hilo, kwenye simu zenye kibali chake, programu zitasakinishwa ikiwa tu mtengenezaji amejisajili na kuthibitisha utambulisho wake, hata zile zisizotoka Google Play. Utaratibu ulipangwa kuanza Septemba 2026 katika nchi za Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia mwaka 2027, jambo ambalo litazihusu pia nchi za Afrika Mashariki. Google ilieleza kuwa lengo ni kuwadhibiti walaghai wanaojificha nyuma ya majina ya bandia. F-Droid ilipinga, ikisema kwamba haiwezi kuwalazimisha waandishi wa programu huria kujisajili kwa kampuni moja, na kwamba mradi wake hautaweza kuendelea kwa namna ulivyo.

Mwezi Novemba 2025, baada ya malalamiko hayo, Google ilisema itaandaa njia ya pekee kwa watumiaji wenye uzoefu, watakaokubali hatari ya kusakinisha programu ambazo hazijathibitishwa, pamoja na akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza. Wakati huohuo, hazina ya Termux imeendelea kupokea hati na viraka vipya, na vifurushi vimeendelea kujengwa kwa simu za biti 64 na za biti 32.