Vepuraiza ya mrija wa kioo: Namna ya kuitumia na kuisafisha bila kujidhuru

KIFAA kidogo kinachotoshea kiganjani, chenye betri tumboni na mrija wa kioo uliochomoza juu, kimekuwa kitu cha kawaida katika nyumba nyingi nchini Kanada na Ujerumani. Wakenya wanaoishi huko wanakifahamu, na baadhi yao hukifungasha kwenye mizigo wanaporejea nyumbani. Kifaa hicho huitwa vepuraiza. Kazi yake ni kupasha joto majani makavu hadi yatoe mvuke wenye harufu na dawa iliyomo, bila ya kuyachoma.

Yafaa tutenganishe mambo mawili mapema, kwa sababu wengi huyachanganya. Vepuraiza ya majani makavu si sigara ya elektroniki. Sigara ya elektroniki huchemsha kiowevu kilichotengenezwa kiwandani, aghalabu chenye nikotini. Mwaka wa 2019 kulizuka nchini Marekani ugonjwa wa mapafu miongoni mwa watu waliokuwa wakivuta viowevu na mafuta ya namna hiyo. Kufikia Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki, na 68 kati yao walikuwa wamepoteza maisha. Wachunguzi walibaini kwamba asetati ya vitamini E, iliyotiwa ndani ya mafuta ya bangi, ndiyo iliyohusika pakubwa. Katika vepuraiza tunayoizungumzia hapa hakuna kiowevu wala mafuta ya kuongezwa, ila majani matupu. Lakini hilo halina maana kwamba kila jani linafaa, kama tutakavyoona.

Watumiaji wake ni wa aina mbili. Wapo wagonjwa na watu wazima wanaotumia bangi katika nchi zinazoruhusu. Kanada iliwaruhusu wagonjwa mwaka wa 2001, kisha ikawafungulia mlango watu wazima wote mnamo Oktoba 17, 2018. Ujerumani iliwapa madaktari idhini pana ya kuiandika kama dawa kuanzia Machi 2017. Pia wapo wanaovuta mvuke wa mimea yenye harufu nzuri kama vile kamomili, lavenda na majani ya mkaratusi.

Joto la chetezo

Msomaji wa Pwani hatashangazwa na kanuni inayotumika hapa. Anayechoma udi anajua kwamba kaa likiwa kali mno, udi huungua na kutoa moshi unaochoma macho. Likiwa na joto la kadiri, harufu hupanda polepole na kudumu. Vepuraiza hufanya kazi iyo hiyo, ila badala ya kaa kuna kikombe cha kauri au cha chuma kinachopashwa joto na betri, na badala ya jicho la mwenye nyumba kuna kipimo kinachodhibiti nyuzijoto.

Majani mengi makavu huanza kuungua yakikaribia nyuzijoto 230 za Selsiasi. Ncha ya sigara inayovutwa hufikia nyuzijoto zipatazo 900. Baina ya hali hizo mbili ndimo inamozaliwa lami, masizi na hewa ya kaboni monoksidi. Vepuraiza hukaa chini ya mpaka huo. Solo, iliyotengenezwa na kampuni ya Arizer ya Waterloo, jimboni Ontario, na ambayo ni miongoni mwa zilizoeneza mtindo wa mrija wa kioo, ina ngazi saba za joto na haivuki nyuzijoto 210. Iliyofuata, Solo 2, hufika 220.

Je, kuna ushahidi kwamba mvuke una nafuu kuliko moshi? Upo, ingawa si mwingi. Mwaka wa 2007, daktari Donald Abrams na wenzake wa San Francisco walichapisha uchunguzi uliowahusisha watu 18, ambao walivuta bangi kwa sigara na kwa vepuraiza ya mezani inayoitwa Volcano. Kiasi cha dawa kilichoingia kwenye damu kilikaribiana, lakini kaboni monoksidi katika pumzi ya waliotumia vepuraiza ilikuwa ndogo mno. Kwa upande mwingine, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha mwaka wa 2018 kwamba kwa watu wasiovuta mara kwa mara, kipimo kile kile cha bangi kililevya zaidi kilipovukizwa kuliko kilipochomwa. Baadhi yao hata walitapika. Kwa hiyo, anayedhani mvuke ni kitu chepesi kwa kuwa haukwaruzi koo anajidanganya.

Kuijaza na kuivuta

Majani yawe makavu, lakini yasiwe makavu kiasi cha kuwa vumbi. Yenye unyevu hutoa mvuke wa maji tu katika dakika za mwanzo na huunguza ulimi, maana mvuke wa maji hubeba joto jingi. Yaliyosagwa kuwa unga hupenya kwenye matundu na kuingia kinywani, au huganda kwenye kikombe. Ukubwa unaofaa ni ule wa majani ya chai ya kawaida, si ya vumbi.

Mwisho mmoja wa mrija una kijishimo chenye kizuizi chenye matundu. Humo ndimo majani hutiwa. Yasishindiliwe, kwa sababu hewa ya moto inapaswa kupita katikati yake. Mtumiaji huwasha kifaa kwanza, husubiri dakika chache hadi taa au kioo kionyeshe kwamba joto limetimia, kisha huingiza mrija. Wazoefu hukigeuza kifaa kichwa chini na kukishusha juu ya mrija ulioshikwa wima, ili majani yasimwagike ndani ya kikombe. Jambo hilo ni dogo, lakini ndilo linaloamua iwapo kifaa kitakaa safi kwa wiki moja au kwa siku moja.

Baada ya kuuingiza mrija, subiri kama dakika moja ndipo uvute. Vuta taratibu, kwa sekunde kumi hivi, kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija. Anayevuta kwa pupa huingiza hewa baridi inayopoza kikombe, naye hapati kitu. Wengi hapo hupandisha joto hadi mwisho, na matokeo yake ni ladha ya kuungua na kikohozi, ilhali tatizo lilikuwa la pumzi.

Joto hutofautiana kwa mmea. Mwongozo wa Volcano, ambayo hutengenezwa na kampuni ya Storz & Bickel ya Tuttlingen, Ujerumani, hupendekeza takriban nyuzijoto 130 kwa lavenda na mkaratusi, na takriban 190 kwa kamomili, seji na thaimu. Ni busara kuanza chini na kupanda polepole. Majani yaliyokwisha hugeuka rangi ya kahawia kama buni iliyokaangwa. Yakiwa meusi, yameungua.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wauzaji hawaisemi sana. Jani linaloliwa bila madhara si lazima liwe salama mapafuni. Maua ya kununua dukani hunyunyiziwa dawa za wadudu ambazo hazikukusudiwa kuvutwa. Majani yenye ukungu yanaweza kubeba vimelea vya aspergilasi, ambavyo ni hatari kubwa kwa mtu aliyepungukiwa na kinga ya mwili, kwa mfano anayetibiwa saratani. Tena ipo mnanaha, ile yenye maua meupe kama tarumbeta inayoota ovyo kando ya barabara na kwenye majaa. Zamani Wazungu waliivuta kama sigara ya kutibu pumu, na kumbukumbu hiyo bado huwapotosha watu. Mmea huo ni sumu: huvuruga akili, huenda mbio na moyo, na huua. Usiutie katika chombo chochote. Mwenye pumu, hata akitumia mimea isiyo na sumu, ajue kwamba mvuke wenyewe unaweza kumbana kifua, na kwamba hakuna jani linaloshika nafasi ya dawa ya kupuliza aliyoandikiwa na daktari.

Ulimbo ndani ya kioo

Sababu ya kutumia kioo ni kwamba hakina ladha, hakitoi harufu kinapopata joto, na uchafu wake unaonekana kwa macho. Kioo hicho ni cha borosiliketi, kile kile cha vyombo vya maabara, ambacho hustahimili joto kuliko gilasi ya kunywea maji. Hata hivyo, hakistahimili kila kitu. Mrija uliotoka motoni ukitumbukizwa katika maji baridi unaweza kupasuka, na vipande vyake ni vidogo na vikali. Uache upoe kabisa kwanza.

Mvuke unapopita kwenye mrija hupoa, na sehemu yake huganda kandokando ya kioo kama ulimbo wa manjano, kisha wa hudhurungi. Ulimbo huo hunata, huziba matundu, huharibu ladha, na hunasa vumbi na mate. Maji peke yake hayauondoi kwa sababu hauyeyuki katika maji. Unayeyuka katika alkoholi.

Alkoholi ifaayo ni ya isopropili, yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi inayouzwa kwa ajili ya vidonda haifai, kwa kuwa mara nyingi huwa imechanganywa na vitu vingine vinavyobaki kwenye kioo baada ya spiriti kukauka. Tia mrija katika chupa ya kioo yenye kifuniko, mimina alkoholi hadi iufunike, na uuache kwa nusu saa au zaidi. Kama uchafu ni sugu, ongeza kijiko cha chumvi ya mawe na utikise. Chumvi karibu haiyeyuki katika alkoholi hiyo, hivyo punje zake husugua kioo kama mchanga wa kusugulia sufuria, kisha huyeyuka na kuondoka unaposuuza kwa maji. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa na uache mrija ukauke mpaka harufu ya alkoholi iishe kabisa. Vipande vya plastiki au vya mpira vilivyo kwenye mdomo wa mrija vitolewe mapema na vioshwe kwa maji na sabuni, kwani alkoholi huvichakaza.

Kosa linaloweza kuleta msiba ni kufanya kazi hii jikoni. Mvuke wa alkoholi ya isopropili unaweza kushika moto hata katika nyuzijoto 12, yaani chini ya baridi ya asubuhi nyingi za Nairobi. Nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni hadi ulipo moto. Jiko la gesi, mshumaa au kibatari kilicho upande wa pili wa chumba kinatosha. Fanya kazi hiyo dirishani au nje, mbali na watoto. Kamwe usiingize mrija wenye unyevunyevu wa alkoholi ndani ya kifaa kilichowashwa.

Kifaa chenyewe hakitumbukizwi katika kitu chochote. Kina betri na nyaya. Kikombe chake kisafishwe kwa brashi kavu kila baada ya matumizi, kikiwa na uvuguvugu lakini kimezimwa, kwa sababu wakati huo mabaki bado ni laini. Kukiwa na ulimbo ulioganda, tumia kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi kidogo tu, kisichochuruzika, na ukiache wazi kwa saa kadhaa. Baada ya hapo kiwashe kikiwa kitupu kwa joto la juu, mahali penye hewa, bila ya kuvuta. Utaratibu huo wa kuwasha mara mbili tatu kikiwa kitupu ndio pia unaopendekezwa kwa kifaa kipya, ili mabaki ya kiwandani yatoke.

Kuhusu ni mara ngapi mrija uoshwe, si lazima kufuata kalenda. Uinue mbele ya mwanga. Ukiwa huoni vizuri upande wa pili, umechelewa. Wenye kinga dhaifu waoshe kila siku wanapotumia, na mrija wa mtu mmoja usipitishwe kwa mwingine. Kifua kikuu na mafua huenea kwa ukaribu wa namna hiyo. Mrija wenye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, utupwe.

Majani yaliyotumika nayo yana hila yake. Ikiwa yalikuwa ya bangi, bado yana dawa ndani, na mtoto au mbwa akiyala atalewa. Yatupwe mahali pasipofikika, si kwenye kikapu kilicho wazi sebuleni.

Forodhani

Hapa Kenya bangi ni haramu, iwe ya tiba au ya starehe. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka wa 1994 haiishii kwenye majani yenyewe, bali inavitaja pia viko na vyombo vinginevyo vya kuvutia dawa hizo. Ulimbo uliobaki katika mrija ni bangi kama majani yalivyo. Cheti cha daktari wa Toronto au Berlin hakimkingi msafiri atakapofika katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Aliyewahi kutumia kifaa chake kwa bangi heri akiache huko huko, hata kama anadhani amekiosha kikatakata.

Anayesafiri na kifaa kisichowahi kugusa bangi akumbuke kwamba betri zake ni za lithiamu. Vifaa vya namna hiyo hubebwa mkononi ndani ya ndege, vikiwa vimezimwa, wala havipakiwi katika mizigo ya chini. Mirija itolewe na kufungwa kwa kitambaa, kila mmoja peke yake.