Kiuno Kikikaza, Tembea

Wachukuzi wa Marikiti, soko la Wakulima kando ya barabara ya Haile Selassie, huanza kubeba magunia ya viazi kabla hakujapambazuka. Kule Westlands, mhasibu anakaa kitini kutwa, kisha jioni anaketi tena ndani ya matatu iliyokwama Waiyaki Way. Wote wanajua kushika kiuno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu hiyo ya mgongo.

Hapo pana pingili tano kubwa zinazobeba uzito wa kiwiliwili. Kati ya pingili na pingili kuna diski: ute mzito uliozungushiwa nyuzi ngumu. Diski ikichomoza na kubana mshipa wa fahamu, maumivu huteremka takoni hadi unyayoni. Hiyo ndiyo siatika. Lakini kwa wagonjwa takriban tisa katika kila kumi, hakuna mahali pamoja panapoweza kutajwa kuwa ndipo chanzo. Misuli hukaza, usingizi hupungua, hofu huingia, na ubongo ukishakuwa macho huzidisha makali. Maumivu yenyewe ni ya kweli kabisa.

Pesa nyingi hupotea hapa. Mtu akiumwa wiki moja hukimbilia picha ya MRI, na ripoti ikisema diski imechakaa, anajiona ameharibika. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 wasioumwa mgongo. Asilimia 64 walikutwa na kasoro ya diski. Uchakavu huo huja na umri kama mvi.

Kulala nako hakusaidii. Utafiti wa mwaka 1986 ulilinganisha mapumziko ya siku 2 na ya siku 7 kitandani: waliolala zaidi hawakupona upesi, walikosa tu kazi siku nyingi zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na unakataa mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa za jamii ya afyuni. Mwaka 2024, jaribio la Australia lenye watu 701 waliokuwa wamepona lilionyesha nguvu ya kutembea: waliofuata mpango wa kutembea, wakiongozwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, walikaa siku 208 kwa wastani kabla maumivu hayajarudi, ilhali wasiopewa mpango huo walikaa siku 112. Anayetoka Kangemi kwa miguu hadi kazini Westlands tayari anajikinga.

Mchukuzi ana shida nyingine. Huyu hakosi mazoezi; anakosa mzigo wenye kipimo. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na kwangu mimi kuzisimamia sokoni ni tiba sawa na tembe yoyote.

Kenya ina jambo jingine la kuangaliwa: kifua kikuu huweza kula pingili. Maumivu yanayozidi usiku, homa, jasho la usiku na kukonda vinahitaji vipimo haraka, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za umma. Mkojo ukigoma kutoka au choo kikitoka bila kujizuia, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikilegea, usingoje asubuhi. Nenda usiku huohuo Hospitali ya Kenyatta au popote penye daktari wa upasuaji wa mgongo, kwa sababu mishipa iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isirudie kazi yake.