Profaili ya Lenzi Haiwapunguzi Watu wa Pembeni

Picha iliyopigwa kwa lenzi ya pembe pana huweza kuwa na kasoro tatu ambazo wengi huzichanganya. Kuna mpindo wa pipa, ambapo mistari iliyonyooka, kama ukingo wa dari, hubenuka kuelekea nje. Kuna kuinamiana kwa kuta na nguzo kamera inapoelekezwa juu. Na kuna kutanuka kwa vitu vilivyo pembeni mwa fremu. Mpindo wa pipa pekee ndio kosa la lenzi. Nyingine mbili hutokea hata lenzi ikiwa haina dosari.

Kutojua tofauti hiyo ndiko kunakozaa swali la kila msimu wa harusi: ni profaili gani ya lenzi itakayowapunguza unene wajomba na mashangazi waliosimama mwisho wa mstari kwenye picha ya pamoja? Hakuna. Profaili ni vipimo vinavyoieleza programu jinsi lenzi fulani inavyopinda mistari, na kazi yake ni kuinyoosha, basi. Tena, kunyoosha mpindo wa pipa ni kuzivuta kona kwenda nje. Shangazi aliyekuwa amebanwa kidogo na pipa hutoka mnene kuliko alivyoingia. Anayeongeza marekebisho hadi mwisho akitarajia nafuu anazidisha kilekile anachokikimbia.

Chanzo ni jiometri. Kihisi cha kamera ni bapa, na ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka juu ya bapa, taswira lazima itandazwe zaidi kadiri inavyosogea mbali na katikati. Kwa kihisi cha milimita 36 kwa 24, kichwa kilicho kwenye ukingo wa kulia au wa kushoto hutanuka, kikilinganishwa na kimo chake, kwa takriban asilimia 6 lenzi ikiwa ya milimita 50. Kwa milimita 35 ni asilimia 12 hivi, kwa 24 ni 25, na kwa 16 hufika 50. Hesabu hiyo haiangalii bei. Kununua lenzi ghali zaidi ya milimita zilezile ili watu wapungue ni kutupa fedha. (Pua inayoonekana kubwa katika picha ya uso ni jambo jingine: mpigaji amesogea mno.)

Dawa ni chache. Mpiga picha arudi nyuma na kutumia milimita 35 au 50. Ukumbi ukiwa mdogo, watu wapangwe safu mbili au tatu badala ya mstari mmoja, na pembeni paachwe nafasi tupu. Picha ikiwa tayari imepigwa, DxO ViewPoint ina zana ya kurekebisha mtanuko huo. Hugin, ambayo ni ya bure, hubadili namna taswira inavyotandazwa, ila baadhi ya mistari itapinda. Kwa majengo, profaili itangulie, kuta zisimamishwe baadaye, na kingo zitakazokatwa zifikiriwe tangu wakati wa kupiga. Picha za JPEG za simu na kamera nyingi huwa zimeshanyooshwa na chombo chenyewe. Zikipitishiwa profaili mara ya pili, mistari hupinda upande wa pili, ikibonyea kuelekea katikati.