Kwa nini waziri anaweza kulifunga gazeti Zanzibar? Kisa cha Dira

Ukiwa Shumba, kaskazini mwa Pemba, unaweza kusoma kwenye simu gazeti la Dar na la Unguja kwa mpigo. Lakini magazeti hayo hayaongozwi na sheria moja.

Habari si jambo la Muungano. Bara inatumia Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Visiwani ipo Sheria Namba 5 ya 1988, ya usajili wa mawakala wa habari, magazeti na vitabu.

Sheria hiyo ya 1988 inampa waziri nguvu ya kulifungia gazeti kwa maslahi ya umma. Yaani si lazima aanzie mahakamani.

Dira lilionja hilo. Gazeti hilo la wiki lilianza mwishoni mwa 2002, likawa sauti binafsi adimu Visiwani, ambako vyombo vya serikali ndivyo vilivyotawala. Liliandika mambo yaliyozungumzwa barazani tu. Mhariri wake, Ali Nabwa, aliambiwa si raia wa Tanzania. Novemba 2003 serikali ikalifunga, ikidai limekiuka maadili.

Bara nako mambo si shwari. MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalirudishiwa leseni Februari 2022 na Waziri Nape Nnauye.

Kilichofungwa kwa kalamu ya serikali kikafunguliwa kwa kalamu ya waziri. Hapo ndipo penye tatizo: uhuru wa gazeti unategemea nani kashika kalamu.