Wapenzi wa Manju: Bagika na Bagalu Usukumani

Manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma. Wasukuma humwita ningi, na wakiwa wengi ni baningi. Katika vijiji vya Bugarama, upande wa Msalala mkoani Shinyanga, na kuendelea hadi machimbo ya Geita, manju mwenye jina ana watu wake. Nyimbo zake wanazo kichwani mwanzo hadi mwisho, humfuata anakokwenda kucheza, na jioni hubishana vijiweni yupi mkali na yupi ameishiwa. Ushabiki huu una pande mbili, Bagika na Bagalu. Una asili yake, una dawa zake na miiko yake, na una msimu wake wa hukumu kila mwaka. Mtu aliyekulia Usukumani huulizwa upande wake kama anavyoulizwa kama ni wa Simba au wa Yanga katika soka, ingawa vyama hivi vya ngoma ni vikongwe kwa miongo mingi kuliko Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936.

Wazee husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwako waganga wawili waliokuwa pia wachezaji hodari, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kuwa dawa zake zina nguvu kumshinda mwenzake. Ubishi ulipokosa mwamuzi wakakubaliana kucheza ngoma, watu waone wenyewe. Mshindi hakupatikana, wala ubishi haukwisha. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, na wajukuu wao wangali wanaulizana swali lile lile. Jambo la kushika hapa ni kwamba tangu siku ya kwanza mganga na mtunzi walikuwa mtu mmoja. Ndiyo maana shabiki wa manju haridhiki na sauti nzuri na mashairi yaliyopangika. Anataka kuona jambo lisilowezekana likifanyika mbele ya macho yake.

Hamu hiyo hujengwa mapema. Zamani kila mji wa Msukuma ulikuwa na shikome, moto wa jioni uliowashwa kwa mavi makavu ya ng'ombe, ambapo wanaume na wavulana walikaa na kusimuliana. Hapo ndipo mtoto alipomjua Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao, likabakiza mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, ambaye jina lake linahusu akili na wepesi wa kuelewa, alipokua aliuliza watu wako wapi, kisha akaenda kulitafuta zimwi hilo hadi akaliua. Alipolipasua tumbo watu wakatoka hai, lakini kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi alikasirika, akataka kumroga mkombozi wake, naye Masala Kulangwa akatafuta dawa akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi, yaani mtawala wao. Sikio la bibi kizee ndilo linaloifanya hadithi hii kuwa ya Wasukuma hasa: ushindi wa upanga peke yake hautoshi mpaka dawa nayo ithibitike. Aliyelelewa kwa masimulizi ya namna hii anapofika uwanjani kumtazama manju, anamtazama kwa macho yale yale.

Kwa hiyo manju hutunga mambo mawili kwa pamoja, wimbo na ajabu. Wimbo hupatikana kwa njia nyingi, na baningi wengi husema kwamba wao huoteshwa, wakapewa maneno usingizini na mababu. Ndani yake mna majigambo, mafumbo, masengenyo ya mpinzani, habari za njaa na mvua, na sifa za waganga waliompa dawa. Ajabu hupatikana kwa ubunifu wa mikono. Makumbusho mengi yanahifadhi vinyago virefu vya Kisukuma, vingine vikiwa na mikono inayochezeshwa, ambavyo vilichongwa ili vitolewe ghafla katikati ya ngoma na kuwashangaza watazamaji. Wachezaji wa Buyeye, ngoma ya waganga wa nyoka, huingia na chatu hai mabegani. Wa Bununguli wanatokana na chama cha wawindaji wa nungunungu. Katika Bugobogobo, ambayo inahusishwa sana na Bagalu, jembe la kulimia hurushwa juu, likazunguka hewani na kudakwa bila mdundo kukatika. Ipo pia Wigashe, ambayo huimbwa watu wakiwa wamekaa, na jina lenyewe linatokana na kukaa huko. Humo vijana hutamba kwa mavazi, mapambo na maneno, kuliko kwa nguvu za miguu.

Juu ya yote kuna samba. Hii ni dawa ya mvuto, ile inayomfanya mtu apendwe, asikilizwe na kufuatwa. Manju bila samba, kwa imani ya wapenzi wa ngoma, ni kama mpishi asiye na chumvi: chakula kimeiva lakini hakuna anayeongeza. Dawa hupakwa mwilini, hufungwa kwenye ngoma, huchimbiwa ardhini pale kundi litakaposimama. Chama chenye manju mzuri na mganga dhaifu huhesabiwa kuwa kimekwisha kushindwa kabla ya kupiga mdundo wa kwanza.

Kuwa Mgika au Mgalu ni zaidi ya kupenda. Wengi hurithi upande wa baba au mama, lakini mwanachama kamili huingizwa rasmi: hupewa dawa za chama, huonywa miiko yake, na huwa chini ya wakubwa wa chama waliomtangulia. Chama nacho kina kazi zake nje ya uwanja. Wanachama hualikwa kulima kwa pamoja shamba la mtu, wakijipanga mstari mmoja huku mpiga ngoma akiwa mbele yao, na majembe yakishuka kwa mdundo mmoja. Mwenye shamba huwalisha au huwalipa. Nyimbo nyingi ambazo baadaye hupendwa uwanjani hufanyiwa majaribio hapo kwanza. Wimbo usiosukuma jembe hauna haja ya kupelekwa mashindanoni, maana kundi la walimaji ndilo la kwanza kuuchoka. Mtafiti Frank Gunderson, ambaye kitabu chake kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma kilitoka mwaka 2010, alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za aina hii, na ndani yake kilimo, uwindaji, safari na ngoma vinasomeka kama maisha yasiyotenganika.

Msimu wa mashindano ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti hivi. Mavuno yameingia ghalani, pamba imeuzwa, njia ni kavu, na watu wana nafasi ya kulala ugenini. Vyama viwili vikikubaliana kushindana, habari huenea vijiji kwa vijiji na wapenzi hutoka mbali, siku hizi kwa pikipiki na malori, zamani kwa miguu na baiskeli. Mashindano yanaweza kuchukua siku kadhaa. Wenyeji huandaa pa kulala, wanawake huuza vyakula na vinywaji kando ya uwanja, na usiku kila upande hukaa na manju wake na waganga wake kupanga la kesho kwa siri kubwa. Mpenzi wa kweli anajua kuna kitu kinaandaliwa, na haulizi.

Uwanjani makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hapa ndipo desturi hii inapotofautiana na mashindano mengi ya sanaa, kwa kuwa hakuna jopo la majaji wenye kalamu na alama. Hukumu ni miguu ya watu. Kundi lenye watazamaji wengi ndilo linaloshinda, na ambaye hana chama ana thamani kubwa kuliko mwanachama, kwa sababu mwanachama hahami. Asubuhi watu hugawanyika sawa. Kisha manju wa upande mmoja hutoa neno linalochoma, kicheko kinalipuka, na wale waliokuwa nyuma upande wa pili wanageuza shingo. Wawili wanatoka mbio, wengine kumi wanafuata bila kujua wamefuata nini, na vumbi linapanda katikati ya uwanja. Ngoma za upande ulioachwa huongezwa kasi. Wakubwa wake hunong'ona. Pengine jambo lililokuwa limewekwa kwa ajili ya alasiri hutolewa saa hiyo hiyo, kinyago kinainuka juu ya vichwa vya watu au nyoka anafunguliwa kutoka kwenye kikapu, na wimbi la watu linarudi lilikotoka. Mchana unakwenda hivyo. Mtazamaji mmoja anaweza kuvuka mara sita, na kila avukapo anapiga kura.

Jua likikaribia kuzama huangaliwa ni upande gani umejaa. Walioshinda humbeba manju wao, vigelegele vinapigwa, na kutuza kunaanza: fedha huwekwa mkononi au hubandikwa kwenye paji la uso lenye jasho, na mpenzi mwenye uwezo huahidi mbele ya watu hata mnyama. Walioshindwa huenda zao wakiwa na lawama za kugawana, nyingi zikimwangukia mganga. Mara chache hulaumiwa wimbo. Hili lina busara yake, kwa kuwa mganga anaweza kubadilishwa kabla ya msimu mwingine, lakini manju mzuri hachumwi mtini.

Shauku ya namna hii si ya Wasukuma peke yao. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20, ngoma ya Beni iligawa miji kati ya vyama vya Marini na Arinoti, na watu walifilisika kwa mavazi na karamu ili upande wao usiaibike. Mbali zaidi, mwaka 1939, wasomaji wa hadithi za safari za angani na mashine za kubuni walikusanyika New York katika mkutano wa kwanza waliouita wa dunia, ili tu wawe pamoja na wenzao na kuwaona watunzi waliowapenda. Wasomaji hao walikuwa wamemjua mtunzi kwa karatasi kabla ya kumwona. Mpenzi wa manju alimjua kwa mwili, katika vumbi, na ubora wa mtunzi ulipimwa mbele yake huku mwenyewe akiwa sehemu ya kipimo.

Katika ukanda wa dhahabu wa Bugarama na Geita, mila hii ya manju na wapenzi wake imepata mazingira mengine. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na kuuzunguka, kama ilivyo Geita, wako wachimbaji wadogo wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na wenye makarasha ya kusagia mawe, watu kutoka makabila mengi. Mchimbaji na manju wanafanana kwa jambo moja kubwa: wote wawili wanategemea mvuto. Mwenye duara anayetafuta dawa ili dhahabu isimkimbie anatumia lugha ile ile ya samba inayotumiwa uwanjani, na mara nyingine anagonga mlango wa mganga wa aina ile ile. Siku mawe yakijibu, sehemu ya fedha hufika kwa mwimbaji, na mwimbaji huyo huyo hutaja jina la mfadhili wake katika wimbo unaofuata. Hivyo sifa ambazo zamani zilimwendea mtemi au mkulima hodari sasa humfikia pia mwenye duara.

Wapo waliofanya juhudi kuhifadhi ushindani wenyewe. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliijenga Bujora karibu na Kisesa mkoani Mwanza, ambapo leo pana Makumbusho ya Wasukuma, na ndani yake lipo banda maalumu la Bagika na Bagalu. Sikukuu ya Bulabo, ambayo jina lake lina maana ya maua, huunganisha sherehe ya Kanisa ya Ekaristi na mashindano ya ngoma mwezi Juni, na makundi ya pande zote mbili hukutana hapo mbele ya umati mkubwa.

Katika Bugarama ya leo nyimbo husikika kwanza kwenye simu. Waimbaji wa nyimbo za asili wa Kisukuma hurekodi studio, hupigiwa kinanda na gitaa, hutoa video, na kazi zao huuzwa kwa kuingizwa kwenye kadi za kumbukumbu, ambazo dereva wa bodaboda huzifungulia sauti njia nzima. Shabiki kijana anaweza kuujua wimbo wote kabla hajamwona aliyeutunga. Anapofika kiangazini uwanjani anakuwa ameshajua maneno, na anasogea mbele kati ya mabega ya watu kuangalia kile ambacho simu haikumwonyesha: safari hii manju amekuja na nini.