Mtungi wa gesi ukikaa bila kutumika, fanya hivi

Chai kwa gesi, maharage kwa kuni. Ukipika hivyo, mtungi wako wa kilo 6 unaweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa. Lakini ukikaa unavuja, ni hatari.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni na kujikusanya. Mbinga, baridi ya Juni na Julai watu wanafunga madirisha, haina pa kutokea. Cheche moja tu, nyumba inawaka. Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, shida ni jua: joto linaongeza presha ndani ya mtungi.

Kwa hiyo:

- Funga koki kila ukimaliza kupika, hata mtungi ukiisha. Gesi kidogo hubaki.
- Usimamishe wima, kivulini, penye hewa, mbali na moto.
- Kabla ya kuwasha tena, paka povu la sabuni kwenye koki na maungio. Likitoa mapovu, unavuja. Usipime kwa kiberiti!

Ukisikia harufu, usiguse swichi ya umeme. Fungua milango, toa watu nje, kisha piga Zimamoto 114.